Kwangu linafunguka, kwako linagoma: namna ya kulibaini tatizo la faili

Dada mmoja wa mwaka wa tatu aliingia steshenari yetu saa mbili kasorobo asubuhi, flashi mkononi. Taarifa yake ya utafiti ilitakiwa iwe imechapwa, imejalidiwa na kukabidhiwa kabla ya saa nne. Nikachomeka flashi, nikaona alama ya Word, nikabofya. Word ikagoma.

“Kaka, mbona jana usiku kwenye laptopu ya mwenzangu lilikuwa linafunguka vizuri tu?”

“Hebu tuliangalie kwanza, mdogo wangu. Lina ukubwa gani?”

Baiti 162. Taarifa ya kurasa sitini haiwezi kuenea kwenye baiti 162. Hata aya moja ya barua huzidi hapo. Nikamwonyesha jina lake: lilianza na alama ~$. Faili la namna hiyo si kazi ya mtu. Word hulitengeneza yenyewe kila unapofungua waraka, ili ikumbuke nani ameufungua, kisha hulifuta ukifunga. Kwa kawaida limefichwa, ila laptopu ya mwenzake ilikuwa imewekwa ionyeshe vilivyofichwa. Walinakili wakati Word bado iko wazi, wakashika kivuli, faili lenyewe likabaki kule kule. Akampigia mwenzake, akatumiwa faili halisi, saa tatu na robo tulikuwa tunajalidi.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu faili lake halikuwa bovu, na yeye alikwisha kuanza kulia. Mafaili mengi yanayoletwa hapa kwa jina la “limeharibika” ni mazima kabisa. Yanayoharibika kweli, mengi huharibikia mikononi mwa watu wanaoyatibu kwa haraka: wanabofya ndiyo kila wanapoulizwa, wanahifadhi juu ya lile lile, wanaumbiza (format) flashi. Kwa hiyo utaratibu ninaoueleza hapa unaanza na kutokufanya hayo.

Kopi kwanza, ndipo uchunguzi

Nakili faili kutoka kwenye flashi, simu au barua pepe uliweke kwenye kompyuta, na majaribio yote yafanyie kopi hiyo. La asili usiliguse. Kama flashi inasuasua, hiyo kopi moja inaweza kuwa ndiyo nafasi ya mwisho kuisoma.

Kisha angalia mambo matatu kabla ya kujaribu programu yoyote: mkia wa jina, ukubwa, na herufi za mwanzo zilizomo ndani.

Mkia ni zile herufi baada ya nukta ya mwisho: .docx, .pdf, .odt. Windows huuficha tangu kiwandani, na mimi naona huo ni mzizi wa nusu ya matatizo ninayokutana nayo. Ufichue: kwenye Windows 10 fungua folda yoyote, bofya View, weka tiki kwenye File name extensions. Kwenye Windows 11 ni View, halafu Show, halafu neno hilo hilo. Ukishaufichua usiufiche tena.

Ukubwa unauona kwa kubofya faili kwa kitufe cha kulia, kisha Properties. Herufi za mwanzo utaziona ukifungua kopi kwa Notepad. Utaona vurugu za alama. Usishtuke na usihifadhi chochote, tazama mwanzo tu, ufunge. Ukikuta PK, ndani yake ni kifurushi cha zip. PK ni herufi za jina la Phil Katz, aliyebuni zip, na tangu Office 2007 mafaili ya .docx, .xlsx na .pptx ni vifurushi vya zip vilivyovishwa jina jingine. Ukikuta %PDF, hiyo ni PDF hata kama jina linasema vingine. Ukikuta ÐÏ, ni waraka wa zamani wa .doc, au ni .docx iliyofungwa kwa nywila. Na ukikuta weupe mtupu wakati ukubwa unasema KB 800, hiyo ni habari mbaya. Nitairudia huko mbele.

Faili ni dogo kupita kiasi

Ukiona KB 1 au chini yake, au KB 4 kamili, usipoteze muda kulikarabati. Hakuna cha kukarabati humo.

La kwanza ni lile la ~$ nililolieleza. La pili linaanza na ._ yaani nukta na mstari wa chini, na mara nyingi lina KB 4. Hilo huachwa na kompyuta za Mac kwenye flashi, kando ya faili halisi lenye jina lile lile bila hiyo nukta. Tafuta pacha wake hapo hapo kwenye flashi, mara nyingi yupo.

La tatu lina mkia .gdoc. Mtu ameandika kwenye Google Docs, akaenda kwenye folda ya Drive iliyo kwenye kompyuta yake, akaburuta faili kwenye flashi. Alichokibeba ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye akaunti yake. Maandishi yamebaki mtandaoni. Dawa ni afungue Google Docs, hata kwa simu, apakue kama Word au PDF.

La nne ndilo linalowatesa watu zaidi hapa kwetu: shotikati. Flashi imejaa mafaili yenye kimshale kidogo kwenye alama, yote KB 1 au 2. Hicho ni kirusi. Mara nyingi mafaili halisi hayajafutwa, yamefichwa tu. Usibofye shotikati hata moja, kwa sababu kubofya ndiko kunakokihamishia kirusi kwenye kompyuta yako. Fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, na kama flashi inasomeka kama E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri imalize. Mafaili na folda zako zitajitokeza. Nakili nyaraka zako tu, pitisha antivirusi, kisha ndipo uumbize flashi. Niliwahi kumwona mwalimu akiambiwa na mtu wa duka jingine kwamba mitihani yake ya muhula mzima imepotea na akubali tu flashi isafishwe. Akaja kwetu kwa bahati kabla hajakubali. Yote ilikuwemo.

Windows inauliza: ulifungue kwa programu gani?

Hapa kompyuta haijui faili ni la nani. Ama mkia haupo, ama ni wa programu ambayo hunayo, ama ni wa uongo.

Mkia kutokuwepo mara nyingi ni kazi ya WhatsApp kwenye simu za Android. Faili linaitwa DOC-20240312-WA0007 na nukta mwishoni, halafu basi. Ukilifungua ndani ya WhatsApp linafunguka, kwa sababu WhatsApp inajua ni la aina gani. Ukilihamisha kwa waya kwenda kwenye kompyuta, ujuzi huo haliji nao. Fungua kopi kwa Notepad. Ukiona %PDF, liongezee .pdf. Ukiona PK, jaribu .docx kwanza, kisha .xlsx, kisha .pptx. Dakika moja imekwisha.

Mkia wa uongo unatokana na imani moja iliyoenea: kwamba ukibadilisha .docx kuwa .pdf kwa kuandika upya jina, umelibadilisha faili. Hujalibadilisha. Umebadilisha kibandiko cha chupa, mafuta ya taa ni yale yale. Watu wanaopakia vyeti na barua kwenye mifumo ya kuomba kazi wananaswa sana hapa: mfumo unalipokea faili, wao wanatulia, huko mbele msomaji analifungua na kukuta kosa. Ukikuta PK ndani ya kinachojiita .pdf, rudisha .docx, lifungue kwa Word, kisha Save As, chagua PDF. Hiyo ndiyo PDF ya kweli.

Sasa mikia ya programu usizokuwa nazo.

.pages ni ya Apple. Word haiifungui. Mwenye iPhone au Mac anaweza kuitoa kama Word au PDF ndani ya programu yenyewe kwa Export, na ndiyo njia bora. Kama mwenyewe hapatikani na wewe una akaunti ya Apple, ingia iCloud.com, pakia, kisha pakua kama Word, huhitaji Mac.

.pub ni ya Publisher, inapendwa sana kwa kadi za harusi na vipeperushi. Word haiijui kabisa. LibreOffice, ambayo ni ya bure, huifungua kwa sehemu yake ya Draw, ingawa mpangilio hutikisika. Microsoft imetangaza kwamba Publisher inafikia mwisho wa huduma Oktoba 2026, kwa hiyo mwenye kadi na ratiba za zamani humo azitoe PDF mapema.

.wps inachanganya kwa sababu ni mbili. Moja ni ya Microsoft Works, programu ya zamani iliyokwisha kuachwa. Nyingine ni ya WPS Office ya Kingsoft, ambayo wengi wanaitumia kwenye simu. Ya kwanza jaribu LibreOffice, ya pili fungua kwa WPS Office yenyewe na uihifadhi upya kama .docx.

Na .docx inayogoma kwenye kompyuta ya Windows 11 isiyo na Office: zamani WordPad ilikuwa inaokoa jahazi, lakini imeondolewa tangu toleo la 24H2. Weka LibreOffice. Kwa Office 2003, kama bado ipo kwenye ofisi yenu, usihangaike kutafuta kiraka cha kuisomesha .docx, Microsoft walikiondoa mwaka 2018. Mwombe mtumaji ahifadhi kama Word 97-2003.

Word inasema faili limeharibika

Kabla ya kuamini, fanya jambo moja dogo. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, Properties, tazama chini kabisa. Kama kuna neno Unblock, liwekee tiki, bonyeza OK, ujaribu tena. Mafaili yaliyotoka kwenye intaneti au barua pepe hupigwa muhuri na Windows, na wakati mwingine Word ikiuona muhuri huo inatoa ujumbe wa kutisha, “Word experienced an error trying to open the file”, wakati waraka hauna kasoro yoyote. Fanya hivyo kwa faili la mtu unayemjua tu.

Angalia pia kama unalifungua likiwa bado ndani ya zip. Toa kwanza kila kitu nje ya zip, tena kwenye folda ya karibu yenye njia fupi. Jina refu ndani ya folda ndani ya folda likipita herufi 260 linaweza kugoma kwa sababu hiyo peke yake.

Bado linagoma? Sasa tuseme lina ugonjwa kweli, na ugonjwa wenyewe mara nyingi ni mmoja: limekatika. Flashi ilichomolewa kabla ya kunakili kwisha, au upakuaji uliishia njiani bando lilipokata. Ili uelewe kwa nini kukatika kidogo kunaangusha waraka mzima, kumbuka kwamba .docx ni zip, na orodha ya vilivyomo kwenye zip huandikwa mwishoni mwa faili. Kipande cha mwisho kikikosekana, hata kama ni kidogo, Word inafika mwisho, haioni orodha, inakataa vyote. PDF nayo ina orodha yake mwishoni.

Swali la kwanza basi ni la ukubwa: mwulize mtumaji faili lake lina KB ngapi. Yakitofautiana, atume tena, na kazi imekwisha. Hakuna ukarabati unaoshinda kutumiwa upya.

Kama la asili halipo tena, nenda hivi. Ndani ya Word bofya File, Open, Browse, lichague faili bila kulibofya mara mbili, kisha bonyeza kimshale kilicho pembeni ya kitufe cha Open uchague Open and Repair. Ikishindikana, jaribu LibreOffice. Mara kadhaa nimeiona ikifungua waraka ambao Word imeukataa. Ikishindikana na hiyo, badilisha mkia wa kopi kutoka .docx kuwa .zip, ulifungue kwa 7-Zip, programu ya bure ya kufungulia zip. Hii ina uvumilivu kuliko zip ya Windows: italalamika kwamba kifurushi kimeishia njiani, lakini itakuonyesha kilichobaki. Ingia folda ya word, toa document.xml. Humo ndimo yalimo maneno ya waraka wenyewe, yamezungukwa na alama. Word mara nyingi huiweka document.xml mwanzoni mwa kifurushi na picha nyuma yake, kwa hiyo kwenye faili lililokatika maneno husalimika na picha hupotea. Kama unachotaka ni picha tu, zitafute kwenye folda ya media.

Mzee mmoja alileta wosia wa familia na historia ya ukoo aliyoiandika kwa miaka, faili limekatika. Tulipoifungua document.xml kwa Notepad, jina la babu yake lilikuwa la kwanza kuonekana, katikati ya alama za <w:t>. Tulikaa mpaka jioni tukiyaondoa maneno kutoka kwenye alama. Mwisho kabisa zilikosekana aya chache, alizikumbuka kwa kichwa.

Sasa ule weupe mtupu. Ukubwa ni wa kawaida lakini Notepad haionyeshi kitu, hata PK haipo. Hili hutokea umeme ukikatika au laptopu ikizimika wakati wa kuhifadhi: nafasi ilitengwa, maneno hayakuwahi kuandikwa. Ndani ni sifuri tupu. Hakuna programu itakayoyarudisha, na anayekuuzia huduma ya kuyarudisha kutoka kwenye faili hilo anakudanganya. Lakini waraka unaweza kuwa hai mahali pengine. Kwenye kompyuta ulikoandikwa, bofya File, Info, Manage Document, Recover Unsaved Documents. Tafuta pia mafaili yenye mkia .asd na .wbk. Kisha pekua ulikowahi kulituma: barua pepe ya msimamizi wako, WhatsApp ya mwenzako, kompyuta ya duka ulikochapa rasimu.

Linafunguka, lakini limevurugika

Hili ndilo tatizo linalopita kimya kimya, na ndilo ninaloliogopa zaidi, maana mteja halioni mpaka karatasi zimeshatoka.

Kurasa zilikuwa sitini, hapa ni sitini na tatu. Vichwa vimeshuka chini ya ukurasa, yaliyomo yanasema sura ya nne iko ukurasa wa 31 na iko wa 33. Kisababishi cha kawaida ni fonti. Word tangu 2007 ilikuwa inaanza na Calibri. Kuanzia 2023 Office mpya zinaanza na Aptos. Kompyuta yenye Office 2010 au 2016 haina Aptos, inaibandika fonti nyingine badala yake, herufi zina upana tofauti, mistari inasogea, kurasa zinasogea. Mwandishi hakukosea na duka halikukosea. Tumia Times New Roman kama chuo kinavyotaka, na uitumie kweli mpaka kwenye majedwali na tanbihi, maana Aptos hujificha humo. Kama lazima utumie fonti ya pekee, ndani ya Word fungua File, Options, Save, weka tiki kwenye Embed fonts in the file. Fonti itasafiri na waraka.

Cha pili ni ukubwa wa karatasi. Sisi tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Kompyuta iliyowekwa kwa mazoea ya Marekani huanza na Letter, 216 kwa 279: fupi na pana kidogo. Kwenye skrini huoni tofauti. Kwenye karatasi pambizo zinachezacheza na mstari wa mwisho unaruka. Bofya Layout, Size, utazame.

Walimu wa hisabati wana shida yao. Milinganyo iliyoandikwa kwa Equation Editor 3.0 ya zamani inaonekana kama picha lakini hairekebishiki, kwa sababu Microsoft waliiondoa programu hiyo Januari 2018 kwa sababu za usalama. Office mpya zinaweza kukubali kuigeuza ukiibofya mara mbili. Lakini igeuze kwenye kopi, uhakiki kila kipeo na kila alama ya mzizi kabla ya mtihani kwenda kwa wanafunzi.

Na masheikh na walimu wa madrasa, hili nawaomba mlizingatie sana. Baadhi ya fonti za mushafu wa Madina, zinazotoka kwenye Jengo la Mfalme Fahd la kuchapa Qurani, zimetengenezwa kila ukurasa wa mushafu na fonti yake, jumla 604, na kila umbo linasimama badala ya neno zima. Kwenye kompyuta isiyo na fonti hizo, aya inageuka kuwa herufi zisizo na maana, au vibox. Mwenye duka asiyesoma Kiarabu hawezi kujua kama kilichotoka ni sahihi. Waraka wenye aya za Qurani uletwe PDF, si .docx, na mwenye kuujua asome ukurasa wa kwanza kabla nakala mia hazijachapwa.

Nywila, na mkia usioujua

Waraka ukidai nywila na mtumaji ameisahau, kwa .docx za siku hizi mlango umefungwa kweli. Mtafute mwenyewe.

Lakini kama mafaili yako yote ghafla yameongezewa mkia mpya wa herufi kama nne, na kila folda ina faili liitwalo _readme.txt linalodai pesa, hicho ni kirusi cha kudai fidia kiitwacho STOP/Djvu, kilichosambaa sana kupitia programu za kuvunja leseni. Kuondoa mkia hakusaidii. Toa intaneti, usichomeke flashi yoyote hapo, na usilipe. Kampuni ya Emsisoft ina zana ya bure inayofungua mafaili yaliyofungwa na baadhi ya aina zake, hasa za zamani. Isipofungua leo, tunza mafaili hayo pembeni, usiyafute.

Ukimpigia mtumaji

Mara nyingi dawa iko kwenye kompyuta yake, na mtu akiambiwa tu “faili lako halifunguki” hajui afanye nini. Mimi huwaambia wateja wangu waseme hivi, polepole, huku mwenzao ameshika kipanya: “Funga Word kabisa. Fungua tena faili lenyewe, siyo lenye alama ya dola. Bofya Save As, chagua PDF, uhifadhi. Sasa niambie hiyo PDF ina KB ngapi. Nitumie zote mbili kama waraka, siyo kama picha, na usizime data mpaka nikwambie nimeifungua.”